Nilianika Nguo Kwenye Waya wa Baba

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro jioni. Mvua ilikuja saa tisa kama inavyokuja kila siku hapa Kakamega mwezi huu, ikanyesha kwa hasira kwa nusu saa, ikaenda zake. Imeacha baridi kidogo na matope mlangoni. Nguo zote ziko kwenye beseni, mbichi, na sina mahali pa kuzianika.

Nitaeleza.

Sijaandika hapa karibu mwezi mzima. Si kwamba nilikuwa na shughuli nyingi kuliko kawaida. Ni ile hali yangu niliyowahi kuitaja, ambayo sina jina lake zaidi ya ganzi. Si huzuni. Huzuni naijua, Mama alipofariki nilihuzunika hadi nikashindwa kushika kijiko. Hiki ni kitu kingine. Naamka, nakoroga uji, namwogesha Baba, namlisha, namnyoosha mkono wa kulia mara ishirini kama walivyotufundisha kliniki ya mazoezi kule Mukumu, nafua, napika, nalala. Mtu akiniuliza habari namjibu nzuri, na sidanganyi, maana habari yenyewe sina.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Baba alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha sukari, mtu wa kelele na mizaha. Mimi ndiye niliyekuwa sina mume wala mtoto wa kuacha, kwa hiyo nikaacha kazi Eldoret nikarudi hapa Shirere. Upande wake wa kulia umelala. Maneno nayo yamepotea. Anaelewa kila kitu. Ukimwambia kuna mgeni anaanza kukagua vifungo vya shati. Ila akifungua kinywa aseme, kinatoka kilio kidogo tu, halafu anafunga kinywa na kuangalia pembeni, akiona aibu.

Isipokuwa neno moja.

Baba ana redio. Sisi tunaiita redio, lakini ni mtambo mzima: amplifaya, deki ya kanda, na spika mbili za mbao zinazonifikia kiunoni. Aliikusanya kipande kwa kipande enzi za kiwanda. Kiti chake kinakaa katikati, na ili mtu asikisogeze alipaka sakafuni alama nne za rangi nyeupe, moja kwa kila mguu. Mama alizichukia alama hizo hadi kufa kwake.

Kuna kanda moja ya gitaa anayoipenda kuliko zote. Mwimbaji yuko mbali na kwao, anakata miwa ya watu, na anamwahidi mkewe kwamba atarudi kesho. Ubeti wa kwanza, atarudi kesho. Wa pili, mvua imeharibu barabara, atarudi kesho. Unaelewa mapema kwamba harudi huyu. Kila ubeti unaishia kwenye neno hilo hilo, na kila ukiishia hapo, Baba analitoa. Kesho. Linatoka safi, kwa sauti yake ile ya zamani, bila kukwama. Dada anayetufundisha mazoezi kliniki alinieleza kwamba kuimba na kusema havikai sehemu moja kichwani, na akanisihi tusiiache kanda hiyo hata siku moja. Alisema neno moja likikaa macho huenda likaamsha jirani zake.

Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana namkalisha kwenye alama zake, nabonyeza deki, naenda jikoni kuosha vyombo. Nasikia kutoka huko: kesho, kesho, kesho. Mara sita.

Sasa, waya.

Waya za spika Baba alizitengeneza mwenyewe. Alipata nyaya za simu zilizokuwa zikitupwa kiwandani, zile nyembamba za rangi rangi, akazisokota uani kwa drili ya mkono. Upande mmoja ulikuwa kwenye drili na upande wa pili niliushika mimi, nikiwa darasa la tatu, nimeambiwa nisiachie hata nyuki akinitua puani. Alisokota nyuzi za bluu peke yake, za rangi ya chungwa peke yake, kisha akazisokota hizo mbili pamoja. Zilitoka ngumu, zimejipindapinda, kila ncha na solda yake na fundo hapa na pale. Zilikuwa mbaya. Zilipita nyuma ya kabati, zikatokea chini ya zulia, zikapanda ukutani kwa misumari.

Na alivyojivunia! Hakuna mgeni aliyeingia nyumba hii asikalishwe kwenye kile kiti. Baba aliweka muziki, akachomoa waya wake wa spika ya kushoto, akafunga mwingine wa dukani, mnene na mzuri, akauliza: unasikia? Mgeni alisikia. Sauti ilinywea, besi ikakimbia. Halafu akarudisha wake, na nyumba ikajaa tena. Alimfanyia padri, akamfanyia mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini, ambaye aliishia kuomba chai. Nimekua nikijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba waya wa kusokota nyumbani unaushinda wa dukani.

Wiki tatu zilizopita niliuondoa.

Kwa nini? Ningependa kuandika kwamba nilitaka kumfurahisha Baba. Labda. Lakini shajara ni ya kusema kweli, na kweli ni kwamba siku hiyo nilijikwaa kwenye zulia nikiwa nimebeba sufuria ya uji, nikasimama hapo na uji miguuni, na hata sikukasirika. Nilifikiri tu: hizi nyaya ziondoke. Nilikuwa nimesoma mtandaoni jinsi watu wazima wanavyotukanana kwa ajili ya nyaya za spika, wengine wakiapa kwamba shaba ni shaba, wengine wakisema masikio yao yametibiwa na waya fulani. Nilisoma yote hayo kwa siku mbili. Ilikuwa raha kusoma ugomvi usionihusu. Mwishowe nikaenda mjini nikanunua waya mnene kama kidole, ngozi yake inapitisha mwanga hadi unaiona shaba ndani, ncha zake za rangi ya dhahabu.

Niliufunga kwa uangalifu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Niliangalia mara tatu. Nikaupitisha nyuma ya kabati vizuri, nikalilaza zulia, chumba kikapendeza.

Ule wa zamani sikuutupa. Mfupi, wa spika ya kulia, nikafungia mlango wa banda la kuku. Mrefu, wa kushoto, nikautoa nje nikaufunga kutoka nguzo ya baraza hadi kwenye mti wa parachichi. Kamba yangu ya nguo ilikuwa imekatika. Waya ule umeshika mashuka mawili mabichi bila kulegea, na niliona nimefanya jambo la akili sana.

Siku hiyo ya kwanza nilibonyeza deki, nikaenda jikoni. Muziki ulilia. Gitaa lilikuwepo, kinanda kilikuwepo. Mimi nilikuwa nimeinamia sinki.

Baada ya dakika kadhaa nikasikia kiti kikikwaruza sakafu. Nilikuta Baba amejisukuma kwa mguu wake mzima hadi nje ya alama, na mkono wa kushoto ameunyoosha kuelekea dirishani. Anaonyesha nje. Nikasema, aa, unataka hewa. Nikamtoa barazani, nikamfunika miguu, nikarudi kwenye vyombo vyangu.

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa pia. Ninaweka kanda, anasikiliza ubeti mmoja, anakwaruza kiti, anaonyesha nje. Namtoa. Anakaa barazani akitazama mbele yake, na mbele yake ni nguo zangu. Akionyesha tena namwambia, zitakauka, Baba, usijali.

Wiki tatu nimemkalisha mbele ya waya wake.

Na hili ndilo ninaloona aibu kuliandika. Ilinichukua siku tisa kutambua kwamba neno halipo tena. Siku tisa sikusikia kesho hata moja, na sikuuliza. Na nilipotambua, nikiwa na sahani mkononi, kitu cha kwanza nilichohisi si hofu. Nilipumua. Nilifikiri, basi, limeisha na hilo, jambo moja la kungojea limepungua. Halafu nikaisuuza ile sahani, nikaiweka pamoja na nyingine.

Nilimpigia yule dada wa kliniki, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate kwamba neno limekwenda. Akasema wakati mwingine hurudi nyuma hivyo, nimlete mwisho wa mwezi. Nikaandika ukutani kwenye kalenda: kliniki.

Leo mchana, kabla ya mvua, alikuja Mzee Rajab. Yeye na Baba walikuwa karakana moja kiwandani miaka yote ile. Sasa anaishi kwake Mayoni na analima. Huja mara moja kwa mwezi, akiwa na ndizi mbivu na habari za vifo. Alivua viatu mlangoni.

"Asalaam aleikum, mukhana, binti yangu. Mko salama?"

"Waleikum salaam, Mzee. Tuko."

Alimshika Baba mkono ule wa kushoto, akaushikilia muda mrefu, kama afanyavyo siku zote. Nikaleta chai, nikamkalisha Baba kwenye alama zake, nikabonyeza deki kwa mazoea. Mzee Rajab alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Baba, mikono kwenye mabega yake. Gitaa lilianza. Akapinda shingo.

"Hii ledio imetoka tumbo," akasema, akimaanisha besi. "Na huyu mwimbaji amepotelea wapi? Nani ameguza waya?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwonyesha waya mpya, ncha za dhahabu. Nikaongeza, na nilijisikia mjinga nikisema, kwamba labda ni kweli wa Baba ulikuwa bora, kwamba labda nyaya za dukani hazifai.

Mzee Rajab alimtazama Baba. Baba akatazama sakafu. Nawaambia, mzee wangu wa miaka sabini na minne alitazama sakafu kama mtoto aliyekutwa na sukari kinywani.

"Lafiki yangu, nisamehe, leo nitasema," Mzee Rajab akamwambia. Halafu akanigeukia. "Mukhana, huyu baba yako alikuwanga mkora. Ile siku tulitengeneza hii spika ya kushoto, yeye ndio alishika solda. Akapika waya za ndani vibaya, nyekundu kwa nyeusi. Tukapiga gundi, tukapiga misumari, tukapaka valinishi. Kuwasha, tumbo hakuna! Nikamwambia, fungua. Akasema hawezi fungua, valinishi imetoka mzuri sana. Akaenda akageuza kwa hii waya ya nje. Akafunga fundo ndio asisahau. Akaniambia, Rajab, hii ni yetu wawili."

Sikuelewa mara moja. Alinieleza polepole, akitumia viganja vyake viwili: spika zote mbili lazima zisukume pamoja na zivute pamoja. Moja ikisukuma wakati mwenzake anavuta, zinauana katikati. Na katikati ndipo inapokaa besi, na ndipo anaposimama mwimbaji. Ndipo palipo na kiti cha Baba pia. Jikoni huwezi kujua.

Kwa hiyo kosa la Baba lilikuwa ndani ya sanduku, na waya wake uliopinda ulilinyoosha. Mimi nilipofunga kila kitu sawasawa, nikaliachia.

"Na wale wageni?" nikauliza. "Padri? Yule wa duka?"

"Anafunga ya duka vizuri, nyekundu kwa nyekundu, tumbo linaenda. Analudisha yake, tumbo linaludi. Mimi ndio nilikuwanga shahidi!" Mzee Rajab alikuwa anacheka hadi anajifuta macho. "Hata mwenye duka alisema ataacha kuuza waya!"

Nikamtazama Baba. Nusu ya uso wake, ile inayoweza, ilikuwa inacheka. Mabega yalitikisika. Sijamwona akicheka tangu nirudi nyumba hii.

Miaka yote hiyo. Nimebishana na watu chuoni juu ya nyaya za kusokotwa. Nimegombana na mwanamume mmoja Eldoret, mtu mzuri tu, kwa sababu alisema waya ni waya.

Mzee Rajab akasema hakuna haja ya kuhangaika, nigeuze tu nyuma ya spika ya kushoto, nyekundu iende nyeusi. Nikapiga magoti, nikageuza, ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu. Nikarudisha kanda mwanzo. Safari hii sikwenda jikoni. Nilisimama nyuma ya kiti, pale pale aliposimama Mzee Rajab.

Mwimbaji alikuja katikati ya chumba. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Alikuwa ametawanyika kuta zote, sasa akasimama mbele ya Baba, mtu mmoja, na besi ikapanda kwenye nyayo zangu. Ubeti ukafika mwisho.

"Kesho," akasema Baba.

Mzee Rajab akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Natamani kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilihisi kitu kama mguu uliolala unapoanza kuamka, ule mchomo mdogo mdogo wa kuudhi, na nikataka ukome.

Halafu Baba akanyoosha mkono wa kushoto. Akaonyesha nje.

Nikawa nimeshaanza kusema, unataka hewa. Nikaacha. Nilifuata kidole chake kwa mara ya kwanza, hadi kilipokuwa kinakwenda, dirishani, barazani, kwenye nguzo, kwenye mashuka yangu na soksi zake na magauni yangu mawili, hadi kwenye waya wenyewe.

Nilimwambia, Baba, huu mpya sasa uko sawa, sikiliza mwenyewe. Kidole hakikushuka.

Nikatoka. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya parachichi na matone ya kwanza yalikuwa yanagonga mabati. Nilivua nguo zote nikazitupa kwenye beseni, nikafungua waya kwenye nguzo, kisha kwenye mti. Ndipo nikayaona mafundo yake kwa macho ya mtu anayetaka kuona. Ncha moja, fundo liko kwenye uzi wa bluu. Ncha ya pili, fundo liko kwenye uzi wa chungwa: hapo ndipo alipogeuza. Kila mwezi wa maisha yangu nilipofagia nyuma ya kabati nimeyaona mafundo hayo, na nilidhani ni uchafu wa uzee.

Mvua ilinikuta nikifungua na ule mfupi bandani. Kuku walinishangaa.

Nilirudisha nyaya zote mbili. Fundo kwa nyekundu, fundo kwa nyekundu, kama alivyokusudia. Zulia likavimba tena pale pale pa kujikwaa. Ule wa dukani nikaukunja nikaurudisha kwenye boksi lake. Na kwa ajili ya wale wanaotukanana mtandaoni niseme hivi: sikusikia tofauti. Niliketi chini karibu na kiti, nikatega masikio kwa nia njema kabisa, na wa nyumbani na wa dukani zilikuwa kitu kimoja. Baba tu ndiye aliyeisikia tofauti, au aliitaka.

Mvua ilipokwisha Mzee Rajab alitafuta bodaboda, akaenda zake. Tulibaki wawili. Kanda ilikuwa bado inazunguka na sikuwa na haraka ya vyombo. Ubeti wa kwanza, kesho. Wa pili, kesho. Wa tatu, wa nne, wa tano. Nilikuwa nimeegemeza mgongo kwenye mguu wa kiti, miguu yangu juu ya alama nyeupe.

Ubeti wa sita ulipofika mwisho, hakusema.

Nilidhani limepotea tena. Nikageuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, ananitazama, nusu ya mdomo imepanda, na ameshikilia pumzi. Alikuwa ananingoja. Alinitazama hivyo hivyo uani, siku ile ya drili, akiwa na upande wake wa waya na mimi na wangu.

"Kesho," nikasema.

Sauti ilitoka na makwaruzo, maana kwa muda mrefu sijaitumia kwa jambo lolote isipokuwa kula, Baba, na nyoosha, Baba. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akafumba macho. Baada ya muda nikagundua uso wangu umelowa, na si mvua, kwa sababu nilikuwa nimeshajifuta.

Sasa amelala kitini, kanda imekwisha, redio inavuma kidogo. Sijui kama hii ganzi imekwenda au imetoka nje tu kidogo na itarudi asubuhi pamoja na uji. Sitajiahidi makubwa. Beseni liko hapa mbele yangu, mashuka yameanza kunuka maji.

Kesho nanunua kamba ya nguo.

Ya dukani.